Theodor Bilharz na Mayai ya Namna Mbili

Mwalimu mwanafunzi anapojiandaa kufundisha ugonjwa wa kichocho, aghalabu huanza kwa kuchora duara ubaoni: mgonjwa, maji, konokono, mtoto anayeoga, kisha mgonjwa tena. Mchoro huo ni mwema na una kazi yake. Lakini una hila moja. Humfanya mtazamaji adhani kwamba mambo yote yale yalijulikana siku moja, na kwamba aliyeyagundua aliyaona yamekaa katika duara kama tunavyoyachora. Sivyo ilivyokuwa. Tangu mnyoo wa kichocho aonekane kwa mara ya kwanza mpaka njia yake ithibitishwe barani Afrika ilipita miaka 64, na sehemu kubwa ya muda huo wataalamu walibishana juu ya yai lisiloonekana kwa macho matupu. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa kuwasimulia wasomaji wa jarida hili maisha ya mtu aliyeanzisha habari hii, kisha tutazame yale aliyoyaacha bila kumalizika.

Theodor Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi, 1825, katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Danube. Baba yake alikuwa mtumishi katika serikali ya mtawala wa huko. Mwaka 1843 kijana huyu aliingia Chuo Kikuu cha Freiburg, na miaka miwili baadaye akahamia Tübingen kumfuata mwalimu wake wa anatomia, Friedrich Arnold. Huko aliandika tasnifu juu ya damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo, nayo ikapata tuzo. Alipomaliza masomo ya udaktari alirudi Freiburg kufanya kazi na Karl Theodor von Siebold.

Hapa yafaa tutue kidogo, maana bila mwalimu huyu hatuwezi kumwelewa mwanafunzi. Von Siebold alikuwa bingwa wa elimu ya minyoo. Katika miaka ile elimu hiyo ilikuwa inapinduka. Mwaka 1842 mtaalamu wa Denmark, Steenstrup, alikuwa ameeleza kwamba wako wanyama ambao mtoto hafanani kabisa na mzazi wake, wala mjukuu hafanani na mtoto, mpaka kizazi fulani kirudie umbo la kwanza. Viumbe waliokuwa wakipewa majina mbalimbali katika vitabu wakaonekana kuwa ni mnyama mmoja katika hatua mbalimbali za maisha yake. Bilharz alilelewa katika fikira hizo. Alijua kwamba umbo la mnyoo pekee haliwezi kuaminiwa.

Mwaka 1850 Wilhelm Griesinger, aliyekuwa mwalimu wake huko Tübingen, aliitwa Misri kusimamia mambo ya tiba chini ya mtawala Abbas, naye akamchukua Bilharz awe msaidizi wake. Walifanya kazi Cairo, katika hospitali na chuo cha udaktari cha Kasr el Aini. Chuo hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1827 mahali paitwapo Abu Zabal na kuhamishiwa Kasr el Aini miaka kumi baadaye. Bilharz alikuwa na umri wa miaka 25. Kazi yake kubwa ilikuwa kupasua maiti ili kutafuta sababu za vifo.

Wengi wa waliofia hospitalini hapo walikuwa wakulima na askari wa bonde la Nile, watu walioshinda majini maisha yao yote. Kukojoa damu kulikuwa jambo la kawaida miongoni mwao, hata katika vijiji vingine halikuhesabiwa kuwa ugonjwa bali hatua ya kukua kwa mvulana. Mwalimu atakayefundisha mahali penye kichocho na alikumbuke jambo hili. Ugonjwa ukizoeleka hupoteza jina la ugonjwa, na mtoto hataeleza kama dalili kitu anachokiona kwa kaka zake wote.

Mwaka 1851 Bilharz alipokuwa akichunguza damu ya mshipa mkubwa upelekao damu kwenye ini, alikuta minyoo weupe, wembamba, wenye urefu wa sentimita moja hivi. Minyoo ndani ya utumbo walikuwa wakifahamika tangu kale. Minyoo wanaoishi ndani ya damu ya binadamu lilikuwa jambo geni. Alimwandikia von Siebold barua mwezi Mei akimweleza habari hizo, na katika miezi iliyofuata akaendelea kumletea habari zaidi. Mnyoo yule alikuwa bapa, mwenye mfereji uliopita upande mmoja wa mwili wake kutoka karibu na kichwa hadi mkiani. Ndani ya mfereji, katika baadhi ya minyoo, Bilharz aliona uzi mwembamba. Alipoutoa na kuutazama vyema kwa hadubini alitambua kwamba uzi ule ni mnyoo mwingine: dume alikuwa amembeba jike. Kwa jamaa wa minyoo bapa, ambao karibu wote ni dume na jike katika mwili mmoja, hilo lilikuwa ajabu ya pili.

Alimpa mnyoo huyo jina la Distomum haematobium. Baadaye wataalamu walikubaliana kumwita Schistosoma, yaani mwenye mwili uliopasuka, kwa sababu ya mfereji ule. Ugonjwa wenyewe, hata hivyo, katika nchi nyingi ungali ukiitwa bilharzia kwa jina la mgunduzi wake. Mwaka uleule aligundua pia mnyoo mdogo kabisa wa jamii ya tegu katika utumbo wa mvulana wa Cairo, na mnyoo mwingine bapa wa utumbo. Ni wachache waliopata kuona mambo mapya mengi hivyo kwa mwaka mmoja, na sababu yake, kwa maoni yangu, si bahati peke yake. Alitazama kila kiungo, hata pale ambapo sababu ya kifo ilikuwa imekwisha kujulikana.

Mwaka 1852 aliwapata minyoo haohao katika mishipa ya kibofu cha mkojo, na mayai yao ndani ya nyama ya kibofu iliyovimba na kutoa damu. Hapo ndipo ugonjwa wa kukojoa damu ulipounganishwa na mnyoo. Aliona pia kwamba ndani ya yai mna kiluwiluwi mwenye vinyweleo vinavyochezacheza, na kwamba kiluwiluwi huyo huweza kutoka ganda na kuogelea. Griesinger, aliyerudi Ulaya mwaka huohuo, alichapisha hesabu mwaka 1854: katika maiti 363 zilizopasuliwa, 117 zilikuwa na minyoo hao.

Sasa tufike kwenye mayai. Yale aliyoyaona Bilharz katika kibofu yalikuwa marefu kidogo, yenye mwiba mfupi kwenye ncha. Lakini katika utumbo aliona mengine ambayo mwiba wake ulitokeza ubavuni. Aliyachora yote mawili, kila moja kwa umbo lake, wala hakulazimisha yafanane. Hata hivyo hakuyatenga kuwa ya minyoo wawili. Kwake yote yalihusika na mnyoo mmoja. Tusimlaumu upesi. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba mnyoo mmoja huweza kuvaa maumbo mengi maishani, yai la namna mbili halikuwa sababu ya kutosha ya kudai kwamba wako wazazi wa namna mbili. Fikira ileile iliyomsaidia kuona mbali katika jambo moja ilimziba macho katika jingine.

Bilharz alibaki Misri. Alijifunza Kiarabu, akapandishwa vyeo, na mwaka 1856 akawa mwalimu mkuu wa anatomia katika chuo kile. Mwaka 1857 alichapisha kitabu juu ya kiungo cha umeme cha kambare wa mto Nile, samaki ambaye humtetemesha anayemgusa. Utafiti ambao hauhusiani na kichocho, lakini uliompa sifa kubwa huko kwao kuliko minyoo yake. Mwaka 1862 mtawala mmoja wa Ujerumani, Ernst wa Saxe-Coburg-Gotha, alifanya safari ya kuwinda katika nchi za kando ya Bahari ya Sham, karibu na Massawa, nchi ambayo leo ni Eritrea. Bilharz aliombwa afuatane na msafara huo kama daktari. Akiwa huko alipatwa na homa kali wakati wa kuwahudumia wagonjwa. Alirudi Cairo na kufariki tarehe 9 Mei, 1862, akiwa na umri wa miaka 37. Chuo cha utafiti huko Giza kina jina lake, na hata mwezini liko bonde la mviringo lililoitwa kwa jina hilo.

Alikufa akijua mnyoo alipo na madhara anayoyafanya. Hakujua mnyoo huingiaje mwilini. Arthur Looss, Mjerumani mwingine aliyefanya kazi Cairo, alishikilia kwamba kiluwiluwi atokaye katika yai huingia moja kwa moja kupitia ngozi ya mtu, pasipo mnyama wa kati, na kwamba mayai yote mawili ni ya mnyoo mmoja. Looss alikuwa na heshima kubwa, na heshima hiyo ilichelewesha mambo. Patrick Manson, huko London, alipata mgonjwa aliyetoka visiwa vya Karibi ambaye mayai yake yote yalikuwa ya mwiba wa ubavuni, wala hakuwa na damu katika mkojo. Manson akashuku kwamba hao ni minyoo wawili. Mwaka 1907 Louis Sambon akampa mnyoo wa pili jina la Schistosoma mansoni. Looss hakukubali, na majibizano yakawa makali.

Ugomvi huo haukumalizwa kwa maneno. Mwaka 1913 Wajapani Miyairi na Suzuki walionyesha kwamba mnyoo wa tatu wa jamaa hiyo, Schistosoma japonicum, hukua ndani ya konokono. Mwaka 1915 Robert Leiper alitumwa Misri na jeshi la Uingereza, lililohofia afya ya askari wake. Alikwenda El Marg, kijiji kilicho karibu na Cairo, akakusanya konokono wa mifereji na kuwatenga kwa aina. Viluwiluwi waliotoka katika konokono wa jamii ya Bulinus aliwaambukiza wanyama wa maabara, nao wakakuza minyoo wenye mayai ya mwiba wa nchani. Waliotoka katika konokono bapa, ambao leo tunawaita Biomphalaria, walikuza minyoo wenye mayai ya mwiba wa ubavuni. Hakuna konokono aliyetoa yote mawili. Jaribio hili ni mfano mzuri mno wa kufundishia mbinu ya kisayansi, maana linaeleweka hata na mtoto wa darasa la sita: tenga, linganisha, subiri, hesabu. Ningefurahi kuliona likisimuliwa darasani mara nyingi zaidi kuliko fasili za maneno.

Kwa hiyo minyoo ni wawili, nao ni ndugu. Wanafanana umbo, wote hubeba majike yao, wote hupitia yai, kiluwiluwi wa kwanza, konokono, kiluwiluwi mwenye mkia aitwaye sekaria, ngozi ya mtu, kisha damu. Lakini mmoja hukaa katika mishipa ya kibofu na mwingine katika mishipa ya utumbo. Mmoja humchagua Bulinus, mwingine Biomphalaria. Tofauti hizo zatoka wapi? Bilharz hakuwa na njia hata ya kuliuliza swali hilo. Majibu yameanza kupatikana katika karne hii, kwa kusoma jeni.

Jeni ni fungu la maagizo lililomo katika kemikali iitwayo DNA. Seli ikitaka kulitumia agizo hunakili fungu hilo katika kemikali nyingine, RNA, na kwa nakala hiyo hutengeneza protini. Jeni isiyonakiliwa hukaa kimya, ingawa imo. Mwaka 2009 maagizo yote ya mansoni na ya japonicum yalichapishwa, na mwaka 2012 yakafuata ya haematobium. Kila mmoja ana jeni zaidi ya elfu kumi, na nyingi zinafanana. Mnyoo ana maagizo yaleyale katika yai, katika konokono na katika damu ya mtu. Kinachobadilika ni maagizo yapi yanayosomwa.

Mfano unaofaa kwa mwalimu ni muhtasari wa masomo. Shule nzima ina muhtasari mmoja kabatini. Mwalimu wa darasa la kwanza hufungua kurasa zake na mwalimu wa darasa la saba hufungua zake, wala kurasa zisizofunguliwa hazijatoweka. Mfano huu una mpaka wake, maana katika mnyoo hakuna mwalimu mkuu anayeamuru. Ni kemikali zinazoitana. Lakini kwa kuanzia unatosha.

Tutazame sekaria. Huyu ana saa chache tu za kuishi majini, na hali chakula. Vimeng'enya atakavyovitumia kupasua ngozi hutengenezwa mapema, wakati angali ndani ya konokono, vikawekwa tayari katika tezi zake. Katika mansoni na haematobium kazi hiyo hufanywa hasa na kundi la vimeng'enya viitwavyo elastasi. Ndugu yao japonicum hutegemea zaidi kimeng'enya cha kundi jingine, kathepsini B, ambacho tezi zake zimejaa kuliko za mansoni. Mlango ni uleule, funguo mbalimbali. Na tukumbuke kwamba japonicum huingia pia katika nyati wa kufugwa, ng'ombe, mbwa na panya.

Mara baada ya kupenya ngozi sekaria hupoteza mkia wake. Jeni zilizohusika na kuogelea hunyamaza. Majini alipata nguvu kwa kutumia oksijeni. Sasa huanza kuishi kwa sukari iliyomo katika damu. Hujivika ngozi mpya ambayo kinga ya mwili wa mtu hupata taabu kuishambulia. Ndiyo maana mnyoo mzima huweza kuishi miaka kadhaa katikati ya askari wa mwili.

Na ule uzi aliouona Bilharz ndani ya mfereji? Jike asiyebebwa na dume hubaki mdogo, wala viungo vyake vya uzazi havikomai. Jeni za kutengenezea ganda la yai zimo ndani yake, ila hazisomwi. Dume akimkumbatia, jeni hizo huanza kunakiliwa kwa wingi, na jike wa mansoni huweza kutaga mayai yapatayo 300 kwa siku. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa wameipata kemikali ambayo dume humpa jike ili kuziamsha jeni hizo. Jambo hili si la udadisi tu. Mnyoo mwenyewe humdhuru mtu kidogo. Yanayomdhuru ni mayai yanayokwama katika kibofu, utumbo na ini. Jike asiyetaga si hatari, kwa hiyo anayetafuta dawa mpya ana sababu ya kutazama hapo.

Je, haya yanamhusu vipi mwalimu wa shule ya msingi? Hatarajiwi kuwafundisha watoto RNA. Lakini katika mazoezi ya kufundisha husikika mara nyingi kwamba dalili ya kichocho ni kukojoa damu, basi. Huko Unguja na Pemba, ambako kichocho ni cha haematobium, somo hilo litamfaa mtoto. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako mansoni ndiye mwenyeji, somo hilohilo litamwacha mtoto mwenye maumivu ya tumbo, choo chenye damu na ini lililovimba akijidhania kuwa hana kichocho, kwa kuwa mkojo wake ni safi. Mwalimu atakuwa amerudia kosa la Cairo, la kuwafanya wawili kuwa mmoja, naye hana udhuru aliokuwa nao Bilharz.

Kwa hiyo katika maandalio ya somo, mwalimu aulize kwanza kwenye kituo cha afya kilicho karibu ni kichocho kipi kipatikanacho pale, kisha achore mayai yote mawili ubaoni, kwa ukubwa wa papai, mwiba mmoja nchani na mwingine ubavuni. Awaambie wanafunzi watafute tofauti kabla hajaitaja. Makombe makavu ya konokono yatafaa kuwa zana: lile la Bulinus limejiviringisha kwa kupanda juu, la Biomphalaria limelala bapa kama kamba iliyokunjwa. Lakini mwalimu asiwapeleke watoto bwawani kuokota konokono hai kwa mikono mitupu, hata kama somo litapendeza zaidi kwa kufanya hivyo. Sekaria hungoja ngozi tu, na ya mkono inamtosha.